Nyeusi na nyeupe haikuwa siri ya David Goldblatt

Mwanafunzi analeta picha za sokoni. Anga imeungua kwa mwanga mwingi, nyuso zimezama gizani. Akiambiwa mwanga haukupimwa, anagusa kitufe kimoja kwenye simu, picha inageuka nyeusi na nyeupe, naye anasema: "Sasa imekuwa ya Goldblatt." Kauli hii inarudi kila muhula, na inawaharibu vijana wenye macho mazuri.

Dhana yenyewe ni kwamba rangi hupamba, nyeusi na nyeupe husema kweli, na ndiyo maana mpigapicha huyu wa Afrika Kusini aliishikilia maisha yake yote.

Hakuishikilia maisha yake yote. Goldblatt, mzaliwa wa Randfontein, mji wa machimbo ya dhahabu, aliuza duka la nguo la familia mwaka 1963 ili aishi kwa kamera. Kazi za kuagizwa na majarida alizifanya kwa rangi pia. Kazi yake mwenyewe ya miaka ya ubaguzi wa rangi (apartheid) ndiyo aliyoifanya kwa nyeusi na nyeupe, kwa kuwa rangi aliiona tamu mno kubeba hasira, karaha na hofu. Kisha mwaka 1999, huko Wittenoom, Australia, alikwenda kupiga picha za machimbo ya asbesto ya buluu, madini ya nyuzinyuzi yaliyoua watu wengi. Asbesto ya buluu utaionyeshaje kwa kijivu? Akapiga kwa rangi. Wakati huo ilikuwa tayari inawezekana kuskani negativu na kuchapa kwa wino, hivyo akaweza kuipunguza rangi makali mpaka ikafanana na lile jua kavu la nyanda za juu za Johannesburg. Miaka mingi iliyofuata alifanya kazi kwa rangi, na baadaye akarudi tena kwenye nyeusi na nyeupe. Kila mara aliamua kabla ya kupiga, kulingana na jambo lililo mbele yake. Kitufe cha simu kinakuja baada ya kila kitu kuisha.

Kuamua kabla kunabadilisha kazi nzima. Chukua kanga nyekundu yenye maua ya kijani. Kwa rangi inapiga kelele; kwa nyeusi na nyeupe, nyekundu na kijani zenye mng'ao sawa hutoka kijivu kilekile, maua yakapotea. Kwa filamu utatumia kichujio mbele ya lenzi: cha njano hula takriban stopu 1 (kila stopu ni nusu ya mwanga), cha machungwa 2, chekundu 3. Chekundu kitaing'arisha nyekundu na kuitia giza kijani, maua yarudi. Kwa dijitali, hifadhi faili la RAW, yaani faili ghafi la kamera, na ugeuze kwa kurekebisha kila rangi peke yake. Usipunguze tu rangi zote hadi sifuri, maana hapo ndipo kila kitu kinakuwa uji. Na ule mshale wa kurekebisha rangi ya machungwa kwenye programu uuguse kwa adabu: ngozi zetu zimo humo, ukiupandisha sana uso unakuwa bapa kama karatasi.

Kuhusu jua la mchana: filamu hupimwa kwenye vivuli, kisha mng'ao hudhibitiwa wakati wa kuisafisha filamu kwa dawa. Filamu ya ISO 400 (namba ya wepesi wake kwa mwanga) ipige kama 200, halafu punguza muda wa dawa kwa asilimia 15 hadi 20. Dijitali ni kinyume chake. Linda sehemu zinazong'aa, vivuli utavifungua baadaye. Anga ikishaungua kwenye faili haina dawa, iwe ya rangi au ya kijivu.

Wengine wanadhani Goldblatt alikuwa mtu wa kupiga picha za maandamano na mabomu ya machozi. Hapana, wanamchanganya na Peter Magubane, mpigapicha mwenzake wa Afrika Kusini, aliyefungwa peke yake siku 586. Goldblatt alitafuta hali zinazozaa matukio: wachimbaji, wakulima wa Kikaburu, maisha ya kila siku ya Wazungu wa Boksburg, mji ulio karibu na Johannesburg.

Wengine husema: "Picha ya kweli hupigwa kwa siri." Magubane alificha kamera ndani ya mkate huko Zeerust mwaka 1956 kwa sababu polisi walizuia waandishi. Ilikuwa dharura. Goldblatt kwa picha nyingi za watu aliomba ruhusa, akasimamisha kamera kwenye tripodi. Kujificha nyuma ya lenzi ndefu ili umpige mama muuza ndizi ni woga, na picha huonyesha hivyo.

Dhana iliyobaki ndiyo ya pili kwa kuudhi, baada ya ile ya nyeusi na nyeupe: "picha nzuri haihitaji maelezo." Basi tazama picha za Goldblatt za mabasi ya KwaNdebele, eneo walilotengewa watu weusi, za mwanzoni mwa miaka ya 1980. Watu weusi wamelala wima gizani, vichwa vimeanguka mabegani. Mtazamaji anaona uchovu, basi. Maelezo ndiyo yanayomwambia kwamba basi hilo linawarudisha nyumbani kutoka Marabastad, Pretoria, na kwamba wengi wao wataanza upya kesho kati ya saa nane na saa tisa usiku. Hapo ndipo sheria iliyowapeleka kuishi mbali hivyo inapoonekana ndani ya picha. Goldblatt aliandika mahali, mtaa, tarehe, na mara nyingi jina na kazi ya mtu.

Kwa hiyo beba daftari. Andika papo hapo jina kama mwenyewe anavyolitamka na kuliandika, kijiji au mtaa, tarehe, anachofanya, na kama ameruhusu jina litumike. Namba ya filamu au ya faili iwe kando ya kila mstari. Jioni ileile hamishia maelezo hayo ndani ya faili lenyewe, si kwenye jina la folda, kwa sababu folda hubadilishwa jina na picha hunakiliwa peke yake. Ukisubiri wiki moja, utakuwa na nyuso arobaini na majina kumi.