Uso Unawaka: Rosasea na Magonjwa Yanayoandamana Nayo

Baridi ya mwezi wa sita na wa saba ikishakaza hapa Mbeya, watu huja kliniki na nyuso zinazowaka. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi, na namna ninavyoyajibu.

Mashavu na pua vinawaka kila jioni. Nyumbani wanasema nimeunguzwa na baridi. Ni kweli?

Inawezekana. Lakini ngozi iliyopauka kwa baridi hutulia ukiipaka mafuta siku chache. Kama wiki zinapita, na moto unakupanda usoni kila ukikaa karibu na jiko, ukinywa chai ikiwa bado inafuka, au ukitoka kwenye upepo wa Makambako na kuingia chumba chenye joto, fikiria rosasea. Ni ugonjwa wa muda mrefu unaokaa katikati ya uso: mashavu, pua, paji na kidevu. Mishipa midogo ya damu hutanuka upesi mno, ngozi huvimba na kuchoma, na wengine hutokwa na vipele, vingine vyenye usaha. Mara nyingi huanza kati ya miaka 30 na 50. Hauambukizi. Hauishi moja kwa moja, ila unaweza kutulia kwa miezi mingi mtu akishajua kinachouchokoza.

Mimi ni mweusi. Huo wekundu nitauonaje?

Hapo ndipo tunapopotea, hata sisi watabibu, maana picha nyingi za vitabuni ni za Wazungu. Kwenye ngozi yetu rangi huwa zambarau iliyofifia, au weusi unaoelekea hudhurungi. Mtu wa maji ya kunde huonekana kirahisi kidogo. Kwa hiyo mimi huanza kuuliza kuhusu hisia kabla ya rangi: uso unachoma? Unahisi kama umepakwa pilipili? Hata sabuni uliyoizoea sasa inakuuma?

Kuna mama muuza viazi kutoka Uyole ambaye kwa miaka miwili alikuwa akitibiwa "madoa". Nilimkalisha dirishani, nikachukua bilauri safi ya kioo na kulikandamiza shavu lake taratibu. Chini ya kioo ile rangi ilififia, nilipokiondoa ikarudi. Doa la chunusi ya zamani halifanyi hivyo, linabaki vilevile hata ukandamize. Kwamba rangi inafifia hakutoshi kusema ni rosasea, ila kunaonyesha kwamba tunatazama damu iliyo ndani ya mishipa na si doa.

Nitaitofautishaje na chunusi?

Tafuta vichwa vyeusi, yale matundu yaliyoziba. Chunusi huwa nayo, rosasea haina. Tena chunusi hupenda vijana, na hushuka hadi kifuani na mgongoni. Lakini mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, na dawa kali za chunusi, kama krimu ya benzoili peroksaidi, zinaweza kuukaanga uso wenye rosasea.

Pembeni mwa pua na kwenye nyusi nina magamba yenye mafuta. Nayo ni rosasea?

Hapana, hiyo ni mba ya uso, na hupenda sana kukaa nyumba moja na rosasea. Utaiona kwenye nyusi, kwenye mikunjo inayoshuka kutoka puani, nyuma ya masikio na kichwani. Kwa watu weusi mara nyingi huacha mabaka yaliyopauka. Rosasea haitoi magamba ya mafuta namna hiyo. Mba hutibiwa kwa krimu ya ketokonazoli ya asilimia 2, na kichwani kwa shampuu yake: ipake, iache dakika tano, suuza, mara mbili kwa wiki kwa wiki mbili hadi nne. Ikiwa imeenea sana, au inarudi kwa nguvu kila mara, pima VVU. Wengi wenye mba hawana VVU, lakini mba kali ni moja ya njia ambazo mwili hutumia kutoa taarifa.

Kuna krimu niliyouziwa dukani, siku tatu tu uso ukawa laini kabisa. Nikiiacha, yote yanarudi zaidi. Niendelee nayo?

Swali hili ningeweza kulijibu kutwa nzima. Krimu inayofanya muujiza ndani ya siku tatu mara nyingi ina steroidi kali, yaani dawa ya kuzima uvimbe na mwasho, kama betamethazoni au klobetasoli. Wakati mwingine imechanganywa na dawa ya fangasi na ya bakteria katika tyubu moja, ndiyo maana muuzaji anasema inatibu kila kitu. Na ndizo hizohizo zinazoingia kwenye mkorogo wa kujichubua.

Steroidi hubana mishipa ya damu, uso ukatulia. Ukiendelea kuipaka, ngozi inakuwa nyembamba, vimishipa vinajitokeza, vipele vinaota, na unapata ugonjwa unaofanana kabisa na rosasea hata kama hukuwa nayo. Kama ulikuwa nayo, inakuwa mbaya zaidi. Ukiiacha, ndani ya siku chache uso unaripuka. Hapo mtu hukimbilia tyubu tena akiamini ndiyo tiba. Nimeona tyubu zilizokunjwa mkia hadi shingoni, zinatembea kwenye mkoba pamoja na kitambulisho.

Dalili nyingine yake ni vipele vidogovidogo kuzunguka mdomo, vikiacha mstari mwembamba wa ngozi safi kando ya midomo. Ukimwona mtu hivyo, muulize anapaka nini.

Kuiacha ni lazima, lakini usifanye kimyakimya kama umeitumia kwa miezi. Tabibu anaweza kukushusha kwenye steroidi dhaifu kwa muda mfupi, au kukupa dawa ya kumeza ya kukuvusha. Wiki za mwanzo ni ngumu, na kwa wengine zinakuwa miezi. Nasema mapema, maana asiyeambiwa hurudi kwenye tyubu siku ya tano.

Je, nikijifukiza? Au limao, au dawa ya meno?

Acha vyote vitatu. Mvuke ndio kichokoo chenyewe, limao linachoma, na dawa ya meno ni ya meno. Dodoki pia liache lishughulike na miguu.

Macho yananikereketa kama yameingia mchanga. Inahusiana?

Inahusiana sana, na watu husahau kuitaja. Rosasea hushika kope za wagonjwa wengi: macho makavu, mekundu, chokea zinazorudi. Weka kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu juu ya macho uliyoyafumba kwa dakika tano hadi kumi, kisha safisha kingo za kope. Lakini jicho likiuma, likiogopa mwanga au kuona kukififia, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Baba yangu pua imenenepa na kuwa na mabonde. Kanisani wanasema ni ulanzi.

Maskini mzee. Pua kunenepa ni hatua ya baadaye ya rosasea, na huwapata wanaume zaidi. Pombe inaweza kuwasha uso, ulanzi ukiwemo, lakini wapo wasiowahi kuionja na pua zao ziko hivyo. Daktari bingwa anaweza kuipunguza kwa upasuaji.

Hospitali watanipa nini?

Kwa vipele, kwa kawaida jeli ya metronidazoli, krimu ya asidi ya azelaiki, au krimu ya aivamektini ya asilimia 1. Hii ya mwisho hupunguza vijidudu vidogo vya ngozi viitwavyo demodeksi, ambavyo huzidi kwenye nyuso za wagonjwa wa rosasea. Wafugaji nisikilizeni hapa: aivamektini ya kuchoma ng'ombe haipakwi usoni. Vipele vikiwa vingi huongezwa doksisaiklini ya kumeza kwa wiki 6 hadi 12. Mjamzito hapewi, wala mtoto chini ya miaka 8. Ukiwa na mba na rosasea pamoja, usianze dawa zote siku moja, maana ngozi ikiwaka hutajua imeikataa ipi. Wapo matabibu waliosomea magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, wanaofanya kazi mikoani. Ulizia kama hospitali yako ya rufaa ina mmoja.

Lini nijue kuwa si rosasea?

Alama ya mbawa za kipepeo mashavuni inayoiruka mikunjo ya pua, pamoja na viungo kuuma, nywele kunyonyoka au vidonda mdomoni, inaweza kuwa lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe. Baka lisilohisi ukiligusa linahitaji kuchunguzwa ukoma, ambao dawa zake hutolewa bure. Na baka la mduara lenye ukingo ulioinuka mara nyingi ni kibarango tu.

Huku kwetu ni baridi, jua nalo linahusika?

Linahusika kuliko baridi. Mbeya iko juu, kama mita 1,700, na mionzi ya jua inayounguza huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila ukipanda mita 1,000. Ubaridi hauizuii. Anayechuma chai Mufindi au kupalilia viazi Umalila anahitaji kofia ya ukingo mpana, na akiweza, losheni ya kukinga jua ya SPF 30. Chai na kahawa ya Mbozi endelea kunywa, ila ziache zipoe kidogo; kinachokuwasha ni moto wake. Na ukipika kwa kuni, geuza uso pembeni unapofunua chungu.

Basi usiku wa leo nipake nini?

Nawa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, jikaushe kwa kugusisha taulo bila kusugua, paka mafuta mepesi yasiyo na harufu. Ile tyubu ya dukani usiitupe. Itie kwenye mfuko uje nayo kliniki, tuyasome pamoja maandishi ya nyuma.