Mzee akichanganyikiwa ghafla msiseme ni uzee, muwahisheni hospitali

Kila tarehe 18 mpaka 24 Novemba ni wiki ya kuelimishana kuhusu usugu wa dawa, yaani bakteria kutosikia tena dawa, na mimi kama daktari wa wodi ya watu wazima hapa Mwanza naomba niongelee wazee walioingiwa na bakteria kwenye damu, maana tunaletewa wamechelewa na wengi washachomwa sindano mtaani.

Bakteria wakiingia kwenye damu kijana anachemka homa na kutetemeka, kila mtu anaona huyu anaumwa. Mzee wa miaka 70 anaweza asiwe na homa kabisa, hata mwili ukawa wa baridi. Yeye jana alikuwa anapiga stori vizuri, leo hamjui mjukuu wake, analala tu, uji hataki, kaanguka akienda chooni, anahema mbiombio, mkojo umepungua. Alafu mnasema uzee huo, au karogwa. Jamani, uzee hauingii usiku mmoja! Akiwa ametulia hesabuni pumzi dakika nzima, zikifika 22 au kuzidi na kichwa hakiko sawa basi hamna kusubiri kukuche, na hata zikiwa chini ya hapo, kuchanganyikiwa ghafla peke yake kunatosha kumleta.

Mara nyingi maambukizi haya yanaanzia kwenye mapafu, njia ya mkojo, tumbo, au kidonda cha mguu kwa mwenye sukari.

Lingine, "kapimwa malaria imesoma". Sawa, lakini kanda yetu hii mtu mzima anaweza kuwa na vimelea vya malaria na bado kinachomuua ni bakteria. Na Widali, kile kipimo cha taifodi, inaweza kusoma kwa sababu ya taifodi ya zamani, kwahiyo msitulie na hayo majibu.

Duka la dawa haliruhusiwi kuchoma sindano, likikutwa linafungiwa na mwenye duka anachukuliwa hatua. Mnachoma mbili, mzee akipata nafuu kidogo mnaacha, bakteria waliobaki ndo wale sugu, na sisi tukiotesha damu maabara kutafuta bakteria mara nyingi hakioti kitu maana dawa ishaingia. Utaratibu wetu ni huu: tunachukua damu kwenye chupa maalum kabla ya dawa, tunapima presha, sukari na oksijeni, presha ikiwa imeshuka antibayotiki (dawa ya kuua bakteria) inaanza ndani ya saa moja, na dripu tunaipima kwa uangalifu kwa sababu ya moyo na figo. Majibu ya maabara huanza kutoka siku ya pili au ya tatu, hapo ndo tunabadilisha dawa ikibidi, kwahiyo msituulize asubuhi yake mbona hamna majibu.

Sengerema tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hamna tena kisingizio cha kivuko. Ukerewe na visiwa vidogo msikae nyumbani kusubiri kivuko cha mjini, nendeni kituo cha afya kilicho karibu, mseme wazi "kachanganyikiwa tangu jana", aanzishiwe dawa na dripu palepale huku rufaa inaandikwa.

Njooni na maboksi ya dawa zote alizotumia, hata za mitishamba mtaje, hatugombezi mtu. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiyejiweza ana msamaha wa matibabu, kitambulisho cha wazee au barua ya serikali ya mtaa inapelekwa ustawi wa jamii, ila hiyo barua ndugu mmoja ataifuata baadaye, mgonjwa atangulie.