Je, wajua kwa nini kitanda cha dharura huachwa kitupu wakati benchi limejaa?

Ingia idara ya dharura ya hospitali kubwa pale Dodoma saa mbili usiku, kuna jambo litakukera. Benchi limejaa. Mama kashika tumbo, kijana kafunga kitambaa mkononi, mtoto analia. Halafu mlango wa ndani unafunguka na unaona kitanda kimetandikwa, hakina mtu. Kando yake anapita muuguzi, simu sikioni na funguo mkononi, wala hamhudumii mgonjwa yeyote. Wengi hukata shauri palepale: hawa wanatuchezea.

Kitanda hicho kina mwenyewe, ila hajafika bado. Na yule anayeonekana kuzurura ndiye anayekilinda. Ni muuguzi kiongozi wa zamu, au inchaji kama wenzake wanavyomwita. Wauguzi wengine wamegawiwa wagonjwa. Yeye kagawiwa idara nzima. Anatakiwa kujua muda wowote vitanda vingapi vina watu, nani anangoja majibu ya maabara, nani kaandikiwa kulazwa lakini wodi haijampokea, na mtungi gani wa oksijeni unakaribia kuisha. Daktari aliyeinamia jeraha hayaoni hayo, na si kazi yake kuyaona.

Kwa nini basi kitanda kisitumike tu kwa sasa? Angalia Dodoma ilipo. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Singida na Mwanza inakutana hapa na ile ya Arusha kwenda Iringa, na malori na mabasi hayalali. Ongeza rufaa kutoka Kongwa, Mpwapwa, Bahi na Kondoa. Wa rufaa angalau anaweza kutanguliwa na simu. Mjamzito anayetoka damu anaweza kuletwa kupitia m-mama, ule mfumo wa usafiri wa dharura unaopigiwa simu namba 115. Lakini aliyeanguka na bodaboda hatoi taarifa. Analetwa kwenye bajaji na wasamaria wema, na dakika anayofika ndiyo hiyohiyo anayohitaji kitanda, oksijeni na watu wa kumshika. Ubongo ukikosa oksijeni huanza kuharibika ndani ya dakika chache. Hakuna nafasi ya kuanza kumhamisha mtu mwingine kwanza.

Kwa hiyo kazi kubwa ya inchaji, ambayo walio kwenye benchi hawaioni, ni kutoa watu kuliko kuingiza. Ndiyo maana ya ile simu anayopiga wodini.

"Nina wawili wenu hapa tangu saa kumi na mbili."

"Sista, kitanda kimoja ndiyo kwanza tunakisafisha."

"Basi nawatumia mtu awasaidie kutandika, na wa kwanza anakuja naye."

Ukiwasikia utadhani wanapatana bei ya mbuzi kwenye mnada wa Msalato. Ila kila anayepanda wodini ni nafasi moja iliyopatikana huku chini.

Na walio kwenye benchi hawajasahaulika. Walipimwa mlangoni: fahamu, pumzi, mapigo ya moyo, joto, kiwango cha oksijeni. Kisha kila mmoja akapewa rangi. Nyekundu hasubiri, njano anasubiri huku anaangaliwa, kijani anaweza kukaa zaidi. Zipo hospitali zinazoongeza rangi ya machungwa katikati. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mtu mzima anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, au ambaye moyo unapiga zaidi ya mara 130, au oksijeni yake iko chini ya asilimia 92, hutazamwa upya haraka hata kama kaja kwa miguu yake.

Mtindo huu wa kupanga kwa uzito wa hali huhusishwa na Dominique-Jean Larrey, mpasuaji wa jeshi la Napoleon, aliyetaka walioumia vibaya zaidi watibiwe kwanza bila kujali cheo. Bila kujali cheo! Hapo inchaji wa mji wenye Bunge na wizara zote ana mtihani wake, maana hakosekani wa kumwambia, "Dada, unajua nimemleta nani?"

Zamu yenyewe huanza kabla ya kelele. Anafungua toroli la dharura, anahesabu ampuli za adrenalini, anauminya mfuko wa kupumulishia kwa kiganja asikie kama unavuja. Anawasha taa ya kifaa cha kutazamia koo. Isipowaka, betri inabadilishwa saa hiyohiyo. Anafungulia oksijeni na kutazama geji. Mofini, dawa kali ya maumivu, hukaa kwenye kabati lenye kufuli na daftari lake, na anayetoka huhesabu pamoja na anayeingia. Ikipungua ampuli moja, aliyemaliza zamu haondoki bila maelezo.

Idara za namna hii bado ni changa kwetu. Ya Muhimbili, iliyotangulia nchini, ilifunguliwa 2010. Wauguzi wakiwa wachache, inchaji naye hugawiwa wagonjwa, na mimi naona huko ni kubana matumizi mahali pabaya. Mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa mmoja akitafuta mshipa hawezi kuona kwamba kwenye kona kuna bibi ameacha kujibu.

Ukijikuta kwenye benchi na mgonjwa wako, jua kwamba rangi hubadilishwa na hali, si muda. Ukisema "tumekaa sana", utaambiwa uvumilie. Lakini ukisema "baba alikuwa anaongea, sasa haitiki", au "mtoto anapumua mbavu zinaingia ndani", mgonjwa atapimwa tena palepale. Nenda useme, usingoje kuitwa.