Raketi ya padeli ya mshambuliaji: yanayosemwa na yaliyo kweli

Padeli ni mchezo wa wawili kwa wawili unaofanana na tenisi, na raketi zake za bei ya juu huuzwa kwa neno moja: nguvu. Mchezaji aliyekomaa, yule anayesimama upande wa kushoto na kutegemewa kumaliza pointi, anaambiwa atafute umbo la almasi, uso wa kaboni yenye namba kubwa na povu gumu ndani, basi kazi imekwisha. Sikubaliani na ushauri huo. Raketi ya mshambuliaji naipima kwa mpira alioufikia amechelewa, maana smashi nzuri, lile pigo kali la juu ya kichwa, hutoka hata kwa raketi ya kawaida. Uwanja wa padeli ni mita 20 kwa 10 na umezungukwa na kuta za kioo na uzio, na mpira ukidunda chini kisha ukagonga kioo bado unachezwa. Hata mshambuliaji hodari hurudishwa nyuma mara kwa mara kwa lobu, mpira wa juu unaompita kichwani, na huko nyuma lazima alinde kwanza ndipo apate nafasi ya kurudi netini.

"Almasi ni ya kushambulia, duara ni ya kulinda"

Hii ndiyo imeenea kuliko zote, na haikuzuka hivi hivi. Raketi ya umbo la almasi imepanuka juu, kwa hiyo uzito wake huegemea kichwani na pale mpira unapokolea hupanda kuelekea nchani. Ukipiga smashi mkono umenyooka, kichwa kile kizito kinafika kwenye mpira kwa kishindo. Lakini pale unapokolea ni padogo. Ukichelewa kidogo, mpira ukagusa karibu na mpini, utausikia umekufa mkononi.

Sasa mtazame Agustín Tapia, mchezaji wa Argentina aliye miongoni mwa bora duniani. Hakuna anayemwita mchezaji wa kulinda, na bado raketi yenye jina lake, NOX AT10, imejulikana kwa umbo la tone la maji. Umbo hilo huelezwa mara nyingi kuwa la "mchezaji wa kati kwa kati", naye kwa smashi anatoa nalo mipira nje ya uwanja baada ya kudunda, na hiyo ni pointi yake.

Umbo linakupa dokezo tu. Cha kupima ni mizani, yaani mahali uzito wa raketi unapolingana pande zote mbili. Kanuni za shirikisho la kimataifa, FIP, zinaruhusu urefu usiozidi sentimita 45.5, upana usiozidi sentimita 26 na unene usiozidi milimita 38. Mtengenezaji hawezi kukuongezea nguvu kwa kurefusha raketi. Kikubwa anachoweza kuchezea ni ugumu wake na mahali uzito ulipokaa. Ndiyo maana raketi mbili za gramu 365 zinaweza kutofautiana kabisa mkononi: ni kama nyundo, ukiishika karibu na kichwa ni nyepesi, ukiishika mwisho wa mpini inakuchosha.

Kuipima mizani hakuhitaji fundi. Laza raketi juu ya kalamu, isogeze taratibu mpaka itulie bila kuangukia upande wowote, kisha pima kutoka mwisho wa mpini hadi kwenye kalamu. Nyingi huangukia kati ya sentimita 25 na 27. Tuseme yako ni gramu 365 na mizani ya 26.5. Ukifunga gripu ya juu, ule utepe wa kuzungushia mpini, ya gramu 5, mizani inashuka karibu milimita 3 kuja upande wa mkono. Ukibandika kwenye ncha kinga ya gramu 10, ile ya kuzuia mikwaruzo, inapanda karibu milimita 5. Mchezaji makini huzihisi milimita hizo kwenye voli ya haraka, mpira unaopigwa kabla haujadunda. Kwa hiyo ukiijaribu raketi ikiwa tupu, halafu nyumbani ukaifunga kinga na gripu mbili, unayochezea si ile uliyoijaribu. Baadhi ya raketi za kiwango hiki, kama adidas Metalbone, huja na vipande vidogo vya uzito vya kufunga na kufungua, ili mtu airekebishe mizani mwenyewe. Binafsi naona hilo lina faida kuliko rangi na maandishi yote yaliyo usoni.

"18K ni bora kuliko 12K, na 12K ni bora kuliko 3K"

Hapana. Namba hiyo inahesabu nyuzi za kaboni katika kila fungu lililofumwa: 3K ni nyuzi 3,000, 12K ni 12,000, 18K ni 18,000. Haipimi ubora kama karati za dhahabu. Ugumu wa uso unategemea aina ya nyuzi zenyewe, idadi ya tabaka, mwelekeo wake, gundi iliyotumika na povu lililo ndani. Raketi mbili zilizoandikwa 12K zinaweza kuwa moja laini na nyingine ngumu. Bonyeza uso kwa kidole gumba, kisha piga mpira, namba iache.

"Kadiri povu lilivyo gumu, ndivyo nguvu inavyozidi"

Hapa ndipo washambuliaji wengi wanapopoteza fedha, kwa sababu jibu linategemea kasi ya mkono wako. Mkono ukienda kwa kasi kubwa, povu laini hubonyea kupita kiasi na kumeza sehemu ya nguvu, na mpira huweza kutoka bila mwelekeo ulioukusudia. Povu gumu linaurudisha mara moja. Lakini mkono ukienda polepole, kama unapozuia smashi ya mpinzani au kuinua lobu baada ya mpira kugonga kioo cha nyuma, mambo hugeuka: povu laini linausukuma mpira lenyewe, povu gumu linakudai nguvu yote uitoe wewe.

Hesabu basi ni mipira mingapi katika seti moja unaipiga kwa nguvu zako zote. Hata kwa mshambuliaji ni michache. Sehemu kubwa ya mipira yake ya juu ni bandeja na vibora, mapigo ya juu ya kichwa yasiyo ya nguvu zote, ya kumwezesha kubaki netini, na hayo yanataka kudhibiti. Smashi ya "por tres", ile inayotoka nje kwa juu ya uzio wa pembeni wa mita 3, ni ya kupendeza sana, lakini hupigwa pale tu lobu ya mpinzani ikiwa fupi. Asiyekuwa na mkono wa kasi sana namshauri povu la kati, wala asione haya.

Hali ya hewa nayo ina neno. Baridi hulikaza povu na joto hulilegeza. Raketi iliyokuridhisha mchana wa jua inaweza kuwa kama ubao usiku wa baridi, na ukiiacha ndani ya gari lililofungwa juani unaifupishia maisha.

"Uso wenye mchanga ndio unaoleta spini"

Unasaidia, lakini si kwa kiasi kinachodhaniwa. Spini, yaani mpira kujizungusha, inatokana zaidi na njia ya mkono: raketi ipite vipi kando au juu ya mpira, na kwa kasi gani. Zaidi ya hapo, ukwaruzo wa rangi yenye mchanga hulika kwa matumizi. Pitisha kidole katikati ya raketi iliyochezewa muda mrefu, kisha ukipitishe pembeni, katikati pamelainika. Michoro iliyofinyangwa pamoja na uso hudumu zaidi. Usikubali kuongezewa bei kubwa kwa ajili ya mchanga peke yake.

"Kiwiko kikiuma, raketi ni ngumu mno"

Huenda, lakini anza na mpini. Mpini mwembamba kwa mkono wako unakulazimisha kukaza vidole kila pigo, na misuli ya mkono inabeba mzigo huo mpaka kiwikoni. Kichwa kizito na mapigo ya kuchelewa huongeza. Maumivu yakiendelea, pumzika na umwone tabibu kabla ya kununua raketi nyingine.

"Dakika chache za kupiga zinatosha kuijua"

Raketi mpya karibu zote huonekana kali, kwa kuwa unazilinganisha na yako ambayo povu lake limekwisha kuchoka. Linganisha mpya na mpya, kwa mipira ile ile, siku ile ile. Smashi iweke mwisho. Anza na mipira inayotoka kioo cha nyuma, kisha voli za haraka za mkono wa nyuma ukiwa netini, kisha bandeja ukirudi kinyumenyume.

Halafu cheza nayo mechi nzima, na uangalie seti ya mwisho. Voli zako zikianza kuangukia neti, au ukajikuta unachelewa kuinua kichwa cha raketi, mizani yake iko juu mno kwako. Chukua inayoshuka nusu sentimita hata kama smashi itapungua makali kidogo.