Wawindaji Waliohesabu Vizuri Kuliko Wataalamu

Wengi huamini kwamba katika utafiti wa Aktiki mwanasayansi ndiye huleta maarifa, na mwenyeji huonyesha njia tu. Kisa cha nyangumi wa Alaska kinasema vingine.

Mwaka 1977 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ilipiga marufuku Wainupiati, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Alaska, kuwinda nyangumi wa kichwa kikubwa, ikihofia wamebaki wachache mno, pengine chini ya 2,000. Watafiti walikuwa wakisimama ukingoni mwa barafu na kuhesabu waliowaona. Wawindaji wakapinga: nyangumi hawa hawaogopi barafu. Huogelea chini yake, huipasua kwa kichwa wapate kupumua, na wengi hupita mbali, jicho lisikofika.

Hoja hiyo ingeweza kupuuzwa kama porojo za wenye njaa ya nyama. Badala yake, serikali ya mitaa ya Wainupiati wenyewe iligharimia utafiti, na katika miaka ya 1980 maikrofoni zikatumbukizwa majini. Sauti za nyangumi zilisikika hata pale ambapo hakuna aliyeonekana. Makadirio yakapanda, na hesabu ya mwaka 2011 ikavuka 16,000. Sehemu ya ongezeko hilo ni kuzaliana kweli, lakini kosa la awali lilikuwa la njia ya kuhesabu.