Je, wajua? Kuna gemu ambayo kupanda levo kunaweza kukufanya mnyonge

Gemu yenyewe ni The Elder Scrolls IV: Oblivion, iliyotolewa na kampuni ya Bethesda mwezi Machi 2006 kwa kompyuta na Xbox 360. Unaanza ukiwa mfungwa. Mfalme mzee, kwa sauti ya Patrick Stewart, anapita kwenye selo yako akiwakimbia wauaji, na muda si mrefu unatokea kwenye mdomo wa mfereji wa maji machafu huku nchi nzima ya Cyrodiil iko mbele yako. Ng'ambo ya maji kuna magofu ya mawe meupe. Ukitaka kuyaendea, ogelea. Ukitaka kuyapa mgongo na kutembea hadi mpakani, hakuna wa kukuzuia.

Baada ya saa nyingi za uhuru huo, wachezaji wengi hukutana na jambo lile lile: wanapanda levo, yaani ngazi za mhusika wanayemwongoza, na kadiri wanavyopanda ndivyo wanavyopigwa. Kwa nini?

Jibu nililokuwa nalo kwa muda mrefu ni kwamba hujapanda vya kutosha. Lilitokana na gemu nyingine zote nilizowahi kucheza, ambamo mwenye levo ya 15 ni bora kuliko mwenye levo ya 10, basi. Kwa hiyo mhusika wangu alipofika levo ya 14 akaanza kushindwa na goblini (vijitu wakorofi wa kubuni) wa pango ambalo alilisafisha bila shida akiwa levo ya 3, nilijua dawa yake. Nilimkimbiza kila mahali badala ya kumtembeza. Nilimrukisha kila kilima. Nilimpigisha soga na kila mtu mjini. Akafika levo ya 17, nikamrudisha pangoni, na safari hii hakuvuka hata chumba cha kwanza. Nikabadilisha upanga, nikanunua dawa za kurudisha uhai, nikaamini tatizo ni vidole vyangu. Kumbe dawa niliyokuwa nikimpa ndiyo iliyokuwa ikimdhoofisha.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba levo hupima nguvu. Katika Oblivion levo ni hesabu tu. Kuna aina 21 za ujuzi, na mwanzoni unachagua 7 ziwe za msingi. Ujuzi hukua kwa kuutumia. Jumla ya ongezeko la hizo 7 ikifika 10, ukalala kitandani, unaamka levo moja juu. Gemu haiulizi ni ujuzi gani uliokua. Kukimbia ni ujuzi, kuruka ni ujuzi, kuwashawishi watu kwa maneno ni ujuzi, kupatana bei na wauza maduka ni ujuzi. Ukiziweka hizo nne ndani ya 7 zako, unaweza kufika levo ya 10 bila kuchomoa upanga. Dunia nayo inaandika: 10.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mfikirie mwenye nyumba anayepandisha kodi kila unapopandishwa cheo kazini. Hakuulizi mshahara umeongezeka kiasi gani, anasoma tu kibao cha mlangoni: mwaka jana karani, mwaka huu karani mwandamizi, na kodi inapanda. Mwenzako aliyepewa cheo pamoja na nyongeza nono analipa na kubakiwa na chenji. Wewe uliyepewa cheo kitupu unadaiwa kodi ile ile, na mwisho wa mwezi hali yako ni mbaya kuliko ulipokuwa karani wa kawaida. Cheo ndiyo levo. Kodi ni nguvu za maadui. Mshahara ni sifa za mwili wa mhusika: misuli, wepesi, ustahimilivu na nyinginezo.

Mshahara huo hukokotolewa hivi. Kila unapopanda levo unachagua sifa 3 za kuongeza, na kila moja huongezeka kwa pointi 1 hadi 5. Ili upate 5, ujuzi ulio chini ya sifa hiyo uwe umekua mara 10 tangu levo iliyopita. Ustahimilivu, kwa mfano, hutegemea kukinga kwa ngao, kuvaa dirii nzito na kukarabati silaha. Mimi sikuwa nikifanya hata kimoja, hivyo kila levo nilipata pointi 1. Tena uhai unaoongezewa kila levo ni sehemu ya kumi ya ustahimilivu ulio nao wakati huo, na ukiuongeza baadaye, levo zilizopita hazina malimbikizo.

Kodi nayo inakusanywa kwa orodha. Kwa kawaida pangoni hakuna jambazi anayekusubiri. Kuna nafasi tupu, na nafasi hiyo ina orodha ya wanaoweza kusimama hapo na vitu wanavyoweza kuvaa, kila kimoja na levo yake ya kuanzia. Ukiingia, gemu inasoma levo yako na kuchagua. Majambazi unaowakuta mwanzoni huvaa manyoya na ngozi, kisha dirii za minyororo, za mithril (metali ya kubuni), za kielfu, na mwishowe dirii ya kioo ya kijani inayong'aa. Mapango yenyewe hujazwa upya baada ya siku 3 za ndani ya gemu. Goblini walionishinda hawakuwa wale wa levo ya 3.

Utaratibu huu huzaa vituko ambavyo ukishaviona huachi kuvitazama. Mnyang'anyi wa barabarani anakusimamisha akiwa ndani ya mavazi ya kioo ambayo dukani yana thamani ya maelfu ya sarafu, na anachodai ni sarafu 100. Zawadi nazo zinafuata orodha. Katika mji wa Chorrol, mzee Valus Odiil anakuomba ukawalinde wanawe wawili wasiuawe na goblini shambani kwao, na wakipona anakupa upanga wake, Chillrend. Ukimsaidia mapema unapewa Chillrend dhaifu, na itabaki dhaifu hata ukikua. Kwangu hili linauma kuliko yote, kwa sababu anayekimbilia kuokoa watu ndiye anayepunjwa.

Bethesda walikuwa na sababu. Mtu anapoweza kwenda popote, mbunifu hajui utafika kwake lini. Katika Morrowind ya 2002, gemu iliyoitangulia katika mfululizo huu, maadui wengi walikuwa na mahali pao na nguvu zao, na ukikosea njia unakufa. Oblivion ilitaka kila njia ipitike, na kweli zinapitika. Wala si kila mchezaji anayebanwa: aliyechagua silaha, ngao na dirii kati ya 7 zake anaweza kufika mbali asijue kwamba kuna kodi, na kuna kitelezi cha kupunguza ugumu.

Gemu hii hung'aa pale ambapo jibu haliko kwenye levo. Huko Cheydinhal, mchoraji Rythe Lythandas amepotea, na unamkuta ndani ya mchoro wake mwenyewe, kwenye msitu wa rangi za mafuta, akiwaogopa majitu ya rangi. Anakupa tapentaini, kile kile kinachosafisha brashi. Unaipaka kwenye upanga, nao unawaangusha. Sijawahi kukuta utatuzi mtamu kuliko huo.

Katika Skyrim ya 2011, gemu iliyoifuata, maeneo mengi yalipewa kiwango cha chini na cha juu, na eneo likishakadiriwa mara ya kwanza unapoingia, halipandi tena. Toleo jipya la Oblivion la Aprili 2025 nalo lilirekebisha mshahara: kila levo unapata pointi 12 za kugawa kwenye sifa utakazo, zisizozidi 3, hata kama ulizipata kwa kuruka vilima. Kodi ilibaki. Mnyang'anyi wa barabarani bado anavaa kwa kuangalia levo yako.