Tindikali baada ya POEM: usingoje kiungulia

Mwenye akalasia, ugonjwa wa umio (mrija wa kupitisha chakula toka kooni hadi tumboni), ana matatizo mawili: umio wake hausukumi chakula, na pete ya misuli iliyo mlangoni mwa tumbo haitaki kulegea. POEM, upasuaji wa kamera kupitia mdomoni alioanzisha daktari Haruhiro Inoue huko Yokohama, Japani, mwaka 2008, hutibu hilo la pili tu. Kamera hupitishwa mdomoni, utando wa umio huchanwa, njia huchimbwa chini yake, misuli ya mviringo hukatwa hadi sentimita 2 au 3 ndani ya tumbo, kisha utando hufungwa kwa vibanio.

Chakula kinapita, ila mlango sasa hauzibi vizuri. Katika upasuaji wa Heller, unaokata misuli hiyohiyo kupitia tumboni, kipande cha tumbo hukunjwa juu ya umio kuzuia tindikali. POEM haina hatua hiyo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2019 lilikuta michubuko ya umio, miezi 3 baadaye, kwa 57% ya waliofanyiwa POEM na 20% ya waliofanyiwa Heller. Baada ya miaka 2 ilikuwa 44% na 29%.

Kiungulia hakitoshi kukuambia hali ikoje. Wapo wenye vidonda kwenye umio wasiohisi chochote, na wapo wanaoungua kwa sababu ya chakula kilicholala na kuchacha, si tindikali ya tumbo. Ndiyo maana nashauri kipimo cha kamera ndani ya mwaka wa kwanza, hata ukijisikia mzima. Tindikali ikiachwa, kovu hubana umio na chakula huanza kukwama upya. Hapo ni rahisi kudhani akalasia imerudi. Misuli ikiongezwa kukatwa kwa kudhani hivyo, tindikali nayo inaongezeka.

Dawa ya kawaida ya kupunguza tindikali ni omeprazole, mara nyingi miligramu 20, dakika 30 hadi 60 kabla ya kifungua kinywa. Huzima pampu za tindikali zilizoamka, na kinachoziamsha ni chakula. Ukimeza wakati wa kulala, tumbo limetulia, sehemu kubwa ya nguvu yake inapotea. Usitafune chembe za ndani ya kapsuli.

Usiku ndio mbaya zaidi, kwa kuwa umio usiosukuma haujisafishi. Kula mara ya mwisho muda wa saa 3 kabla ya kulala. Inua miguu ya kitanda upande wa kichwani kwa matofali, sentimita 15 hadi 20. Mito miwili mitatu haisaidii: inakukunja kiunoni na kulibana tumbo.